Chanzo: Mtandao

Msikilizaji, chukua makala yoyote ya afya, ya kilimo au ya historia iliyochapishwa upya katika tovuti zetu za Kiswahili, kisha shuka nayo mpaka mstari wa mwisho. Mara nyingi utakuta maneno mawili: "Chanzo: Mtandao." Picha nayo ina yake kwa herufi ndogo: "Picha: Mtandao." Tumeyazoea mno maneno hayo hata hatuyashangai, nayo yanastahili kushangaza. Aliyeyaandika anakiri mambo mawili kwa mpigo: kwamba kazi si yake, na kwamba anajua msomaji anapaswa kuambiwa imetoka wapi. Akishakiri yote hayo, anataja chanzo ambacho hakijawahi kuandika hata sentensi moja. Yupo mtu, labda yuko Morogoro, labda Machakos, aliyekaa akatafuta takwimu, akapanga hoja, akafuta, akaandika tena. Huyo ndiye aliyefichwa nyuma ya neno "mtandao".

Mtu huyo akiiona kazi yake imetua kwa wengine, kilio chake huwa kimoja: nimeibiwa. Mazungumzo yetu ya leo yanahusu kilio hicho. Mara nyingi ni cha haki, lakini mara nyingi pia hakilengi penyewe, kwa sababu ndani ya neno "wizi" tumetia makosa mawili tukayafunga kamba moja. La kwanza ni kutumia kazi ya mtu bila ruhusa yake. La pili ni kumfanya msomaji aamini kuwa kazi ni ya fulani, kumbe ni ya mwingine. La kwanza linamdhulumu mwenye kazi. La pili linamdanganya msomaji. Aghalabu hutendwa pamoja, lakini kila moja laweza kusimama peke yake. Ninachotaka kukishikilia ni kwamba wizi wa maandishi hasa, ule unaompokonya mwanafunzi shahada na kumfukuzisha mwandishi kazi, ni hilo la pili, na kwamba tusipolitenga na la kwanza tutawasakama wasio na hatia huku wenye hatia wakipita mlango wa nyuma.

Tuanze na kisa kimoja kilichovuma. Mwaka 2010 huko Marekani, jarida dogo la mapishi lililoitwa Cooks Source, lililogawiwa bure na kuishi kwa matangazo, lilichapisha makala kuhusu namna pai za matufaha zilivyopikwa Ulaya katika zama za kati. Makala hiyo ilikuwa imewekwa mtandaoni miaka 5 kabla na mwanamke aliyekuwa akipenda kuchunguza mapishi ya kale. Hakuulizwa wala hakuarifiwa. Alipogundua, aliandika akadai vitu vidogo tu: aombwe radhi, na dola 130 zitolewe mchango kwa chuo cha uandishi wa habari cha Columbia. Mhariri wa jarida akamjibu kwamba vilivyomo mtandaoni ni mali ya umma, kwamba makala yake ilikuwa inahitaji kuhaririwa vibaya sana na sasa imependeza kuliko mwanzo, na kwamba angepaswa kufurahi hawakuichukua nzima na kuibandika jina la mtu mwingine. Barua hiyo ilipoanikwa hadharani, watu kwa maelfu waliuvamia ukurasa wa jarida kwenye Facebook, wasomaji wakaanza kupekua matoleo ya nyuma na kukuta makala nyingine zilizochotwa huku na kule, watangazaji wakajitoa, na kabla ya mwaka kwisha jarida lilikuwa limefungwa.

Ajabu iliyowapita wengi ni kwamba jina la mwandishi lilikuwamo. Cooks Source iliichapisha makala ile ikiwa na jina la mwenyewe. Msomaji aliyeokota jarida lile dukani aliambiwa ukweli kuhusu aliyeandika. Kilichokosekana ni ruhusa, na ruhusa ni jambo la hakimiliki. Mhariri yule alikosea sheria, alikosea adabu, na barua yake ni mfano mzuri wa mtu kuharibu kesi yake kwa mdomo wake mwenyewe. Lakini kwa makala hiyo moja hakumdanganya msomaji. Dunia nzima ikapiga kelele za wizi wa maandishi juu ya tendo ambalo, likipimwa vizuri, lilikuwa ni kutumia mali ya mtu bila idhini. Makala nyingine zilizokutwa humo ni habari tofauti, kila moja ihukumiwe kivyake.

Sasa geuza upande wa pili. Kwa miaka mingi vijana wasomi wa Kenya, hasa wa Nairobi, wamekuwa wakijipatia riziki kwa kuwaandikia insha na tasnifu wanafunzi wa Marekani, Uingereza na Australia. Kazi hupitia kwa mawakala mtandaoni, na mwaka 2019 gazeti la New York Times liliitangaza biashara hiyo kwa marefu na mapana. Katika biashara hii hakuna aliyenyang'anywa. Mwandishi wa Nairobi ameuza kwa hiari yake na amelipwa. Akilalamika, hulalamikia bei. Ruhusa ipo, fedha imepita, na mnunuzi anaweza hata kuonyesha risiti. Hata hivyo chuo kikimkamata mwanafunzi huyo kitamfukuza, na mwaka 2022 Uingereza ilipitisha sheria inayofanya kuwa kosa la jinai kuuza huduma hiyo kwa wanafunzi wa vyuo vya England. Kwa nini, ikiwa mwenye maneno ameridhika? Kwa sababu aliyedhulumiwa hayumo katika mapatano yale. Ni mhadhiri aliyetoa alama, ni mwajiri atakayesoma cheti, ni mgonjwa atakayehudumiwa na muuguzi ambaye mtihani wake uliandikwa na mtu mwingine umbali wa maelfu ya kilomita. Ridhaa ya mwandishi haiwezi kuufuta uongo aliotendewa msomaji.

Na kuna mfano wa tatu, wa karibu na kwetu. Utendi wa Mwana Kupona ulitungwa katika visiwa vya Lamu mwaka 1858, na mtungaji, Mwana Kupona mwenyewe, alifariki miaka michache baadaye. Hakuna hakimiliki iliyosalia juu yake. Ukitaka kuuchapisha wote na kuuza, hakuna ofisi itakayokuita. Lakini mtu akichukua beti kadhaa, akabadilisha lahaja kidogo ili zisomeke kwa Kiswahili cha leo, akazitia jina lake na kuzituma kwenye kundi la harusi kama nasaha alizozitunga kwa ajili ya bibi harusi, tutamwitaje? Sheria ya mali haina la kumfanya. Msomaji amedanganywa vilevile, na mtungaji mwenyewe amefutwa katika kazi yake.

Nimeileta mifano hii mitatu kwa sababu kila mmoja unavunja dhana iliyozoeleka. Wa kwanza una ukosefu wa ruhusa bila uongo. Wa pili una uongo bila ukosefu wa ruhusa. Wa tatu hauna hata mtu wa kuombwa ruhusa. Kwa hiyo ukitaka kujua kama maandishi yako yameibwa kwa maana hii ninayoizungumzia, usiulize kwanza kama uliombwa. Uliza: mtu aliyesoma nakala ile aliondoka akiamini kuwa kazi ya kufikiri, kutafuta na kupanga maneno imefanywa na nani? Kama aliondoka na jina lisilo sahihi kwa sababu mchapishaji alitaka iwe hivyo au hakujali, hapo pana wizi wa maandishi. Kama aliondoka akijua ni wewe, una dai lingine, na huenda ni dai zito, ila si hilo.

Kipimo hiki kinatusaidia hata kwenye simu zetu. Katika WhatsApp mtu akituma maelezo marefu kuhusu kisukari na juu yake akaandika "kama nilivyopokea", amefanya jambo dogo lakini la kweli: amejitoa. Hakusema ni nani aliyeandika, pengine hajui, lakini hajadai kuwa ni yeye. Tangu mwaka 2018 programu yenyewe inaweka alama kwenye ujumbe uliosambazwa, ingawa alama hiyo haiwezi kumtaja mtungaji. Mtu huyu namwita mzembe, simwiti mwizi. Tofauti naye ni yule anayelikata jina lililokuwa chini ya maelezo, akaweka la kwake na namba yake ya simu, akatanguliza neno "Dokta", kisha akauza unga wa mlonge. Wa magazeti nao wana lao. "Chanzo: Mtandao" chini ya makala ni uvivu. "Na Mwandishi Wetu" juu ya makala iliyonakiliwa kwingine ni uongo. Na zipo makala zenye yote mawili, la pili juu na la kwanza chini, kana kwamba mwandishi wetu siku hizi anaitwa Mtandao.

Kipimo hikihiki kinatuonyesha ndugu wa wizi wa maandishi ambaye kwa kawaida hatumhesabu. Kila siku husambazwa maneno yaliyobandikwa picha ya Mwalimu Nyerere ambayo Mwalimu hakuyasema, na vichekesho chungu nzima vilivyotiwa kinywani mwa Robert Mugabe. Hapa mtungaji hachukui maneno ya mkubwa. Anampa mkubwa maneno yake mwenyewe ili yapate uzito. Huwezi kusema kuna aliyeibiwa maneno. Lakini msomaji ametendewa kitu kilekile: ameambiwa uongo kuhusu nani aliyefikiri anachokisoma. Kwangu mimi hii ni dalili kwamba tumekuwa tukiutafuta uovu wa jambo hili upande usio wake, mfukoni mwa mwandishi, wakati mwingi wake uko kichwani mwa msomaji.

Baada ya kusema hayo, nina neno kwa mwandishi anayelalamika, na si neno la kumpendeza. Si kila kilichomo katika makala yako ni chako. Ukiandika kwamba bei ya korosho kwenye mnada wa stakabadhi ghalani huko Mtwara imeshuka, na kesho watu kumi wakaandika kwamba imeshuka, hawajakuibia. Bei haikuwa yako. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994, unasema waziwazi kwamba ulinzi wake hauhusu habari za kila siku na matukio ambayo ni taarifa tu. Huko Marekani Mahakama ya Juu ilienda mbali zaidi mwaka 1991. Kampuni ndogo ya simu ya Kansas, Rural, ilikuwa na kitabu cha namba za wateja wake. Kampuni nyingine, Feist, ikanakili namba 1,309 kutoka humo. Wenye kitabu walikuwa wamepanda majina ya uongo ili kumnasa mnakili, na kweli majina 4 ya uongo yakaonekana katika kitabu cha Feist. Ushahidi gani unaozidi huo? Na bado Rural ilishindwa. Mahakama ilisema kwamba majina yaliyopangwa kwa alfabeti pamoja na namba zake ni ukweli mtupu, na jasho la kuukusanya haliugeuzi kuwa mali ya mkusanyaji. Kunakili kulithibitika, kosa halikuthibitika.

Waandishi wengi wanaichukia hukumu ya namna hii, na naelewa kwa nini. Lakini fikiria kinyume chake. Aliyekuwa wa kwanza kuandika tarehe ya vita vya Majimaji angekuwa na haki ya kutoza kila mwalimu wa historia. Maarifa hayawezi kuendelea ikiwa kila jambo lililowahi kusemwa lina mlinzi mlangoni. Kilicho chako ni maneno uliyoyachagua, mpangilio wa hoja, mifano uliyoibuni, na ile njia ya pekee uliyoipita kufika ulikofika. Wazo lako la jumla, mada yako, takwimu ulizozitoa kwenye ripoti ya serikali, hata kichwa cha habari ambacho yeyote angekifikiria, hivyo ni vya wote. Ukimpeleka mtu hadharani kwa sababu naye ameandika kuhusu mikopo ya mtandaoni baada yako, wewe ndiye unayetaka kisicho chako.

Hata hivyo ukweli usio na mwenyewe unaweza kuchukuliwa kwa njia ya uongo. Jayson Blair, mwandishi wa New York Times, alijiuzulu mwanzoni mwa Mei 2003 baada ya gazeti la San Antonio Express-News kulalamika kwamba habari yake kuhusu familia ya askari aliyepotea Iraki ilifanana mno na yao. Alikuwa ameeleza nyumba ya familia hiyo huko Texas, na vitu vilivyokuwamo, kama mtu aliyeingia na kukaribishwa kiti. Hakuwahi kufika. Kiti kilichopo uani ni ukweli tu, hakuna mwenye hakimiliki juu yake. Lakini katika uandishi wa habari msomaji hapewi kiti peke yake, anapewa na ushahidi wa macho ya mtu aliyekiona. Macho hayo yalikuwa ya mwandishi mwingine. Gazeti lilichunguza kazi zake nyingine, na tarehe 11 Mei likachapisha ukurasa baada ya ukurasa kuhusu makosa yake. Ndiyo maana nasema takwimu ya bei ya korosho ni huru, lakini aliyelala Mtwara siku tatu akihesabu magunia ghalani anastahili kutajwa na anayetumia hesabu yake. Hapo ni swali la nani aliyekuwepo.

Tafsiri ndiyo inayotusumbua zaidi sisi wa Kiswahili, na tunaipitia juu juu. Makala ya Kiingereza inachukuliwa, inageuzwa Kiswahili sentensi kwa sentensi, kisha inawekwa jina la aliyeigeuza kana kwamba ndiye aliyeitunga. Akiulizwa hujibu: mbona hakuna hata neno moja linalofanana? Kweli, hakuna. Programu za kulinganisha maandishi zinazotumiwa na vyuo vikuu zinaweza zisimkamate, kwa sababu kazi yake kubwa ni kutafuta maneno yanayofanana. Hazipimi uaminifu, na kwa upande wa pili zinaweza kumpigia kengele mwanafunzi aliyenukuu kwa adabu zote. Lakini tafsiri ni kazi kubwa inayoweza kusimama bila kuiba sifa ya mtungaji. Mwalimu Nyerere alipomtafsiri Shakespeare, akatupa Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, hakuna aliyedhani kwamba Rais wa Tanzania ndiye aliyembuni Shailoki. Jina la mtungaji lilikuwepo, la mfasiri likawepo, na heshima ya mfasiri haikupungua hata chembe. Anayetafsiri makala ya tiba kutoka tovuti ya hospitali ya ng'ambo angepata sifa zaidi kwa kusema "nimetafsiri" kuliko anayopata kwa kujifanya bingwa wa moyo.

Hapa ndipo linapokuja pingamizi ambalo nalichukulia kwa uzito kuliko yote. Wapo wanaosema kwamba haya ya kumiliki maneno ni ya kizungu, yamekuja na mitambo ya kuchapa na mahakama zao. Sisi ni watu wa masimulizi, na hadithi ya bibi haikuwa na hati miliki. Nusu ya neno hili ni kweli. Methali haina mwenyewe na hakuna anayeidai. Lakini nusu ya pili inasahau washairi. Watungaji wa pwani walikuwa na desturi ya kujitaja katika beti za mwisho, jina na mara nyingine mji, na mashairi yaliyotumwa kwenye gazeti la Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, yalifungwa kwa jina la mtunzi au lakabu iliyojulikana kama jina lenyewe. Na katika majibizano, mshairi aliyeukamata mstari wa mwenzake akaujengea shairi zima hakuhesabiwa mwizi, kwa sababu alimtaja anayemjibu na kila msomaji alijua mstari umetoka wapi. Kuna nini cha kizungu hapo? Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, yametufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua aliyakusanya baada ya mtungaji kufa, akishirikiana na mmisionari W. E. Taylor, na wote wawili waliyahifadhi kuwa ni ya Muyaka. Sikujua angeweza kudai beti mbili tatu. Nani angejua?

Mpingaji aliyejiandaa hataishia hapo. Atauliza: na Shaaban Robert je? Wahakiki wameonyesha kwamba Adili na Nduguze, kitabu kilichochapishwa mwaka 1952, kimejengwa juu ya hekaya iliyomo katika Alfu Lela U Lela, ya Abdallah bin Fadhil na ndugu zake wawili waliogeuzwa mbwa. Kwa Shaaban Robert mbwa wamekuwa manyani, nchi imekuwa Janibu, na ndugu wamepewa majina ya Hasidi na Mwivu. Je, kipimo chetu kinamtia hatiani mtu tunayemwita baba wa fasihi yetu? Sidhani, na sababu si ukubwa wake. Kipimo ni kile ambacho msomaji anakitarajia. Hekaya za aina ile zilikuwa zikisimuliwa pwani nzima na mkondo wake ulikuwa wa wote. Hakuna aliyefungua hekaya akidhani kisa kimeshuka leo asubuhi. Alichokuwa akikitafuta kwa Shaaban Robert ni lugha, maadili na mkono wa mtunzi, na hivyo vilikuwa vyake. Kadhalika Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, mwenye kiko chake na rafiki yake Najum, hawezi kuficha ujamaa na Sherlock Holmes wala hajaribu. Ndani ya Zanzibar yake amekuwa mtu mwingine. Makala ya habari au ya kitaaluma haina ruhusa hiyo. Anayeisoma anaamini kwamba jina lililo juu ndilo lililofanya kazi iliyo chini. Nakubali kwamba mpaka kati ya hali hizi mbili hauonekani vizuri kila mahali. Michel Houellebecq aliingiza vipande vya Wikipedia ya Kifaransa, pamoja na maelezo ya nzi wa nyumbani, katika riwaya yake iliyompatia tuzo ya fasihi ya Goncourt mwaka 2010, akajitetea kwamba ni mtindo wake wa kuunganisha. Kwa nzi nitamsamehe. Chris Anderson, aliyechapisha mwaka mmoja kabla kitabu kiitwacho Free, kinachosifia vitu vya bure, nacho kikakutwa na vifungu vya Wikipedia visivyotajwa, kwangu yuko upande mwingine wa mpaka: kile hakikuwa riwaya, na msomaji alinunua utafiti wake. Yeye mwenyewe alikiri kosa, akisema lilitokana na kuondolewa kwa tanbihi.

Mfano wa Wikipedia unajibu pia wale wanaosema kilichowekwa bure mtandaoni ni cha kuchukuliwa tu. Hakuna maandishi yaliyofunguliwa kuliko yale: unaruhusiwa kuyanakili, kuyabadilisha, hata kuyauza. Masharti makubwa ni kusema yametoka wapi na kuyaacha huru kwa wengine. Waliotoa kila kitu walibakiza jina. Barazani mkeka hutandikwa kwa kila mpita njia, na anayeukalia hahitaji kubisha hodi. Hilo halimfanyi kuwa mwenye mkeka. Na wanaomwambia mwandishi ashukuru kwa kuwa kazi yake imesambazwa wajiulize wamesambaza nini. Iliyosambaa bila jina haimletei mwandishi msomaji, mwaliko wala kazi. Imesambaza sifa ya mwingine. Kuhusu mashine za akili mnemba nitasema kidogo tu, kwa kuwa kesi ziko mbioni. New York Times iliposhtaki OpenAI na Microsoft mwezi Desemba 2023, ilikuwa inauliza swali la ruhusa. Anayeiambia mashine imwandikie, kisha akatia jina lake juu, anazusha swali la msomaji, na jibu lake halitofautiani na lile la insha za Nairobi.

Sasa mwandishi aliyekuta kazi yake kwa mwingine afanye nini? Sheria zipo. Tanzania Bara ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 na ofisi ya COSOTA, Zanzibar ina COSOZA, Kenya ina sheria yake ya mwaka 2001 na bodi ya KECOBO. Chini ya mkataba wa Berne huhitaji kujiandikisha ili maandishi yako yalindwe, na tangu mwaka 1928 mkataba huo unampa mtunzi haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mtunzi, hata kama ameshauza haki za kifedha. Lakini angalia zana zilizo karibu na mkono wako. Unapojaza fomu ya malalamiko kwa kampuni kubwa za mitandao, chini ya sheria ya Marekani ya mwaka 1998, au unapotumia utaratibu wa kuondoa maudhui ulioingizwa katika sheria ya Kenya mwaka 2019, unachopata ni nakala kufutwa. Zana hizo zimetengenezwa kwa ajili ya kosa la kwanza, la ruhusa. Nakala ikifutwa, wale elfu tano walioisoma jana bado wanaamini iliandikwa na aliyeitia jina. Kwa hiyo mimi ningeanza kwa kudai jina. Tunza nakala yako ya kwanza yenye tarehe, mwandikie mhariri, mtake arekebishe jina na aseme wazi kwamba amerekebisha, mahali palepale ambapo makala ilionekana. Akikataa, mlango wa kufuta na wa fidia bado uko wazi. Wengi huanza na fedha, na mhariri akisikia fedha hukimbilia kwa wakili wake, suala la jina likasahaulika.

Redio nayo haina pa kujificha. Maandishi yana alama za kunukuu, nazo hazisikiki hewani. Katika kipindi cha asubuhi tunasoma magazeti na kila gazeti tunalitaja kwa jina na kichwa cha habari. Saa tisa alasiri, kwenye kipindi cha afya au cha malezi, mtangazaji yuleyule anasoma ukurasa mzima alioutoa mtandaoni kuhusu faida za tangawizi au namna ya kumwachisha mtoto ziwa, kwa sauti ya mtu anayezungumza ya kwake, na msikilizaji anapiga simu kumshukuru kwa elimu. Hatuwezi kusema kwamba Kiswahili cha redio kimekosa njia ya kufanya vingine. Waziri akihutubia tunasema "nanukuu", tunasoma, tunamaliza na "mwisho wa kunukuu", na hakuna anayeona kwamba kipindi kimepoteza ladha. Muuguzi, labda wa Bukoba, aliyeandika ukurasa ule wa kumwachisha mtoto ziwa, baada ya zamu ya usiku, anahitaji sekunde kumi za kutajwa hivyohivyo.